Mchoro wa Ukoo Niliouweka Ukutani

Nilikuwa mwalimu mzuri. Nalisema hilo kabla ya mengine yote, ili mtu asije akadhani mtoto alikufa kwa sababu mwalimu alikuwa mvivu au somo halijui. Somo nililijua. Nilikuwa naingia darasani na kipande cha chaki tu mkononi, bila daftari, na saa mbili zinakwisha hakuna aliyepiga miayo. Kiburi nilichokuwa nacho miaka ile, jamani, Mungu anisamehe.

Chuo chetu kilikuwa Shinyanga mjini, chuo cha afya, na hii ni mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wanafunzi wangu walikuwa wanasomea elimu ya afya. Hawakuwa madaktari. Kazi yao ingekuwa kupelekwa kwenye zahanati za vijijini, kukaa na akina mama kwenye benchi na kuwaeleza, kwa maneno wanayoyaelewa, kwa nini mtoto anaharisha na kwa nini choo kichimbwe mbali na kisima. Mimi nilipewa somo la urithi, yaani vinasaba, vile vitu vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo baba na mama humgawia mtoto, nusu huyu na nusu yule, ndiyo maana mtu anakuwa na pua ya baba yake na ukali wa mama yake. Walimu wenzangu walinionea huruma. Waliliona somo hilo ni la vyuo vikuu, la watu wenye maabara kubwa, si la watu watakaokwenda kufundisha kuchemsha maji.

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Huku kwetu Usukumani ugonjwa wa selimundu upo, na upo mwingi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa mtu mwenye afya ni za mviringo, kwa mgonjwa hupinda kama mundu, zikaziba njia, na mtoto akalia kwa maumivu ya mifupa mpaka sauti ikakauka. Vidole vinavimba. Macho yanakuwa ya njano. Damu inapungua mwilini huku unamwangalia. Miaka ile wengi hawakufika hata umri wa kwenda shule. Na mtoto akifa hivyo anatafutwa mchawi, na mara nyingi mchawi anaonekana kuwa mama yake mwenyewe. Nilikwisha kumwona mama akifukuzwa na kichanga mgongoni kwa sababu ya kifo cha yule aliyetangulia. Kwa hiyo nikaapa kwamba wanafunzi wangu hawatatoka pale kabla hawajajua kuwa ugonjwa huu unatoka kwa wazazi wote wawili, sawa kwa sawa, na hakuna aliyemroga mwenzake.

Nilifundisha kwa makopo mawili ya maziwa ya unga. Kopo la baba, kopo la mama, na ndani ya kila kopo punje mbili, dengu moja na choroko moja. Dengu ni damu nzima, choroko ni selimundu. Mwanafunzi anafumba macho, anachukua punje moja huku na moja kule. Akitoa dengu mbili, mtoto ni mzima. Dengu na choroko, mtoto ni mzima vilevile, ila amebeba ugonjwa bila kuumwa na anaweza kumpa mwanawe. Choroko mbili, mtoto mgonjwa. Halafu natoa choroko kwenye kopo moja, naweka dengu tupu, nawaambia wachukue tena. Wanachukua mara kumi, mara ishirini, choroko mbili hazitokei. "Mmeona?" nawauliza. "Upande mmoja ukiwa safi, mtoto haugui." Zoezi hilo walilipenda sana, na walafi wawili watatu hawakukosa kuondoka na dengu zangu mfukoni wakazitafuna njiani.

Baada ya makopo ilifuata kazi ya ukoo. Nilinunua karatasi za manila kwenye duka la Mhindi mmoja karibu na soko, mzee mpole aliyekuwa ananikunjia kila karatasi kwa uangalifu kama anakunja shuka ya harusi. Kila mwanafunzi alikwenda nazo likizo. Waende kwao, wawaulize wazee, wachore ukoo wao wote: mwanamume mraba, mwanamke duara, baba chini ya babu, mtoto chini ya baba na mama, na aliyeugua au kufa kwa ugonjwa wa mifupa apakwe wino mweusi. Ili waelewe, nilikuwa nawachorea ukoo wangu mwenyewe ubaoni. Mimi ni Msukuma, sina la kuficha. Babu yangu yule pale, baba yangu yule pale, na chini yake sisi watoto sita, kaka yangu mkubwa akiwa wa kwanza mkono wa kushoto.

Mwaka mmoja mchoro ulioishinda mingine yote uliletwa na binti mmoja wa Songwa, baba yake alikuwa mlinzi kwenye mgodi wa almasi. Alikuwa mwanafunzi mkimya, mrefu, mwenye mwandiko uliotulia. Likizo nzima alikuwa juu ya baiskeli ya baba yake, anapita kwa mashangazi na kwa wajomba, mpaka akakusanya vizazi vinne. Kila mtu ameandikwa alizaliwa wapi, amekufa kwa nini. Huyu kwa nyoka, huyu kwa uzazi, huyu kwa uzee tu. Mistari yote kwa rula. Na karatasi yote ile kubwa haikuwa na duara jeusi hata moja, wala mraba mweusi. Niliibandika ukutani mbele ya darasa, nikasema, "Hivi ndivyo kazi inavyofanywa, si ile michoro yenu ya kuku aliyekanyaga wino." Darasa likacheka, na yeye akajifunika uso kwa daftari.

Kama wiki mbili baadaye alinifuata ofisini. Alikuwa na mchumba, mwalimu wa shule ya msingi huko Segese, na barua za posa zilikwisha kupita. Lakini mdogo wa yule kijana, msichana, alikuwa amekufa kwa selimundu. Binti wangu alikuwa amelisikiliza somo vizuri kuliko wote: kama mdogo wake aliugua, basi wazazi wao wote wawili wamebeba, na kijana mwenyewe huenda amebeba pia. Alitaka waende wote wawili kupimwa damu Mwanza, maana dawa ya kupimia ya maabara yetu ilikuwa imeharibika na nyingine haijaletwa.

"Naomba ruhusa Alhamisi na Ijumaa, Madam," akasema.

Alhamisi! Alhamisi hiyo ndiyo siku waliyokuwa wanakuja wakaguzi kutoka wizarani, kuangalia kama somo langu linafaa kuendelea au lifutwe. Nilikuwa sijalala vizuri mwezi mzima. Na katika akili yangu nilikwisha kupanga kila kitu: wakaguzi wanaingia, mchoro upo ukutani, na mwenye mchoro amesimama pembeni yake anaueleza kwa sauti yake ile ya upole. Sasa anataka kunikimbia.

Nikapanda juu. Mimi hasira zangu ni za haraka, nimezaliwa nazo. Nikamshika mkono, nikamburuta mpaka darasani, nikamsimamisha mbele ya karatasi yake. "Haya, nionyeshe," nikamwambia. "Choroko iko wapi hapa?"

"Haipo, Madam."

"Kwa mama?"

"Haipo."

"Kwa baba?"

"Haipo."

"Sasa mimi nimekufundisha nini? Mchumba wako hata akiwa amebeba, wewe ni safi. Upande mmoja ukiwa safi?"

"Mtoto haugui," akajibu.

"Basi kaolewe, uache kunisumbua."

Akaitazama ile karatasi kidogo. "Kwa hiyo hakuna haja ya kwenda, Madam?" Nikamwambia hakuna haja.

Nilikuwa najua zaidi ya hapo, na hilo ndilo linaloniuma. Nilijua kwamba ukoo unaweza kuubeba ugonjwa huu kimya, vizazi viwili, vitatu, usijitokeze kwa mtu. Nilikuwa nalifundisha hilo hilo, tena kwa msisitizo, na kulitungia swali la mtihani. Mwanafunzi ambaye angejibu kama nilivyojibu mimi siku ile ningempa sifuri na maneno ya kumtosha wiki nzima. Lakini vizazi vinne, karatasi safi namna ile, na wakaguzi Alhamisi. Nikajisemea, hata kama lipo jambo, litakuwa dogo sana.

Wakaguzi walikuja. Binti alisimama, akaeleza, na mmoja wao alitoa miwani akausogelea ukuta kusoma majina ya magonjwa. Somo langu likabaki. Jioni hiyo nilimnunulia soda nikampiga piga begani, nikamwita mwanangu.

Alipohitimu aliolewa. Harusi nilikwenda, Songwa, na nilicheza mpaka kiatu kikakatika. Akapangiwa zahanati huko huko upande wa Segese, karibu na mume wake, na nikasikia akina mama wanampenda kwa sababu hawafokei. Nikafurahi kama mzazi. Akapata mtoto wa kiume, akaniletea habari kwa barua, na ndani ya barua alikuwa ameweka uzi mwekundu kama ule aliomfunga mtoto mkononi. Sijui kwa nini aliuweka. Nadhani ni furaha tu.

Mtoto alipokuwa na miezi minane, akaja naye Shinyanga. Hakwenda hospitali moja kwa moja, alikuja kwanza chuoni, akanikuta kwenye kibaraza nasahihisha. Alikaa kwenye ngazi, akamfungua mtoto mgongoni, akanipa mikono yake miwili niitazame. Vile vidole vidogo vilikuwa vimevimba, vimekaza, na nilipovigusa mtoto akapiga ukelele ulionifanya niviachie. Nikamwangalia mama yake usoni. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Nimeshajua, Madam," akasema. "Si ni wewe uliyenifundisha?"

Nilibisha. Nikasema huenda ni kitu kingine, huenda kuna jeraha, twende tukapime kwanza. Dawa ya kupimia safari hii ilikuwepo. Nilichukua tone la damu kwenye kisigino cha mtoto kwa mkono wangu, nikaweka kioo chini ya hadubini, na tukakaa kungoja, maana chembe zinahitaji muda kujikunja. Yeye alikuwa ananyonyesha. Nilipoinama kuangalia, zilikuwa zimejaa, mundu juu ya mundu. Nikaendelea kuinama pale hata baada ya kuona, kwa sababu sikutaka kuinua uso.

Halafu nikafanya jambo la aibu. Nikamkasirikia yeye. "Ulinidanganya," nikamwambia. "Kuna mtu hukumwandika kwenye ule mchoro."

"Niliwaandika wote, Madam."

"Wote? Sasa hii imetoka wapi? Kwa baba yule wa mgodini haipo, kwa mama haipo, imeanguka kutoka mbinguni?"

Akafikiri. Wallahi, alikuwa anafikiri kweli, kama mtu anayetafuta ufunguo alikouweka. Kisha akasema taratibu, "Labda kwa yule wa Kagongwa."

"Yupi wa Kagongwa?"

Akanieleza bila haya na bila haraka. Mama yake, kabla ya kuolewa Songwa, alikuwa na kijana wa Kagongwa. Kijana huyo akasikia habari za dhahabu, akaenda zake Geita kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, akiahidi kurudi na ng'ombe. Hakurudi na ng'ombe wala mbuzi. Binti akazaliwa kwa babu yake mzaa mama. Kabla hajaacha kunyonya, akaja yule mlinzi wa mgodi kumposa mama yake, na akatoa ng'ombe wa mama, na juu yake akatoa ng'ombe wa mtoto. "Baba alinikomboa nikiwa mgongoni kwa mama," akasema. "Mimi ni wa kwake."

"Na yule wa Kagongwa hukumwandika."

"Ningemwandika kama nani, Madam?"

Mtu wa kutoka mbali angeweza kushangaa, angesema binti alificha, au mama yake aliona aibu. Mimi nilielewa pale pale. Huku kwetu mtoto ni wa aliyetoa ng'ombe. Si maneno ya mdomoni, ndivyo ilivyo: anaitwa kwa jina la huyo, anarithi kwa huyo, anazikwa na huyo, na siku akiolewa ng'ombe wake wanakwenda kwenye zizi la huyo. Yule mwingine hana nafasi ya kukaa. Hachukiwi, hafichwi. Hayupo tu.

Na kaka yangu mkubwa, yule niliyekuwa namchora ubaoni wa kwanza mkono wa kushoto, chini ya baba yangu? Alikuja nyumbani kwetu hivyo hivyo, ameshikwa mkono na mama, amekombolewa kwa ng'ombe. Nalijua hilo tangu nina akili zangu. Kila mwaka nilimchora pale, mbele ya darasa zima, na hata siku moja haikunipitia kichwani kwamba damu yake haikutoka kwa mtu niliyemchora juu yake. Mimi, mwalimu wa urithi! Watoto wa watu walikaa mbele yangu wakanakili kosa langu kwenye madaftari yao, wakaenda makwao kulifanya kwa rula. Ningewaambia tu, "Msifuate ng'ombe, fuateni damu," wangenielewa kwa neno moja. Wasukuma wote wale, wangenielewa kabla sijamaliza.

Mtoto alilazwa, na mama mzazi wa binti alifika kesho yake kumuuguza mjukuu. Nikamfuata wodini, nikamsalimu, nikamuuliza, kwa Kisukuma, kuhusu yule mtu wa Kagongwa. Hata hakushtuka. Akasema ndiyo, yule alirudi kutoka Geita miaka mingi baadaye, akaoa, na amezika watoto wawili kwa ugonjwa wa mifupa, kila mtu Kagongwa anajua. Kisha akaniangalia, akiwa ameshika kikombe cha uji. "Mwalimu, ungeuliza ningekwambia," akasema. "Kwani lilikuwa jambo la siri? Hukuuliza." Nikamwambia kweli, sikuuliza. Akanipa uji, nikanywa.

Yule mtoto aliishi miaka mitatu kasoro. Nilikuwa namwona kila walipomleta Shinyanga, na walimleta mara nyingi. Siku za nafuu alikuwa mchangamfu, mtundu, anaongea sana, na alikuwa na tabia ya kumshika mtu sikio wakati anamsimulia jambo, ili asigeuke. Mimi aliniita Bibi wa Sindano. Siku za maumivu hakutaka mtu amguse isipokuwa mama yake, na mama yake alimshika usiku kucha, mchana anarudi kazini kuwafundisha akina mama wengine. Hakunilaumu hata mara moja. Natamani angenilaumu. Natamani angenitukana mbele ya wauguzi wote, nikapata pa kuanzia kuomba msamaha, maana kila nilipotaka kuanza yeye aliniuliza habari za nyumbani kwangu.

Alikufa wakati wa mvua. Malaria ilimkuta damu ikiwa imeshapungua, na njia ya kutoka Segese ilikuwa imekatika kwa maji, wakalala njiani. Walipofika hospitali alikuwa wa baridi.

Nilikwenda Segese msibani. Wanaume walikuwa kwenye mabenchi chini ya turubai, sisi wanawake kwenye majamvi upande wa nyumba. Binti wangu alikuwa amekaa katikati, hana machozi, amefungwa khanga kifuani, na wanawake wa upande wa mume walikuwa wamemwachia nafasi ya mtu mmoja kila upande. Nafasi ile niliijua, ni ya mama anayedhaniwa mchawi. Ndiyo niliyoanzia kufundisha kwa sababu yake.

Siku ya tatu wazee walikaa. Baba mkwe alikuwa mchimbaji mdogo, mtu wa heshima, vidole viwili vilikatwa na jiwe ndani ya duara la dhahabu. Alimzika binti yake kwa ugonjwa ule, sasa amezika mjukuu. Akasema anataka kuelewa. Kuna watu wanamwambia mkwewe ni mchawi, lakini yeye ni mtu wa kusikiliza, na kwa kuwa mwalimu wa mkwewe yupo, basi mwalimu aeleze. Nikasimama. Nikaeleza kwa Kisukuma, vizuri, nadhani sijawahi kueleza vizuri kama siku ile. Nikasema hakuna mchawi. Nikasema mtoto alipewa ugonjwa na pande mbili, na bila upande mmoja usingetokea. Wazee walitikisa vichwa, na mume wa binti, yule mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amejiinamia.

Baba mkwe akaninyooshea mkono ule wenye vidole vitatu, kwa adabu. "Tumekusikia, mwalimu. Na sisi tulisema wazi tangu posa kwamba kwetu ugonjwa huu upo. Hatukuficha. Sasa niambie. Kwao tuliambiwa haupo. Mwanangu aliniambia hakuna haja ya kupimwa, imeandikwa kwenye karatasi. Nani alisema hakuna haja?"

Nilikuwa nimesimama. Neno lilikuwa moja tu. Mimi. Hata mtoto wa darasa la kwanza angelitamka. Nikatazama watu, nikaona jinsi walivyokuwa wananitazama, wale wazee, wale wanawake, muuguzi mmoja niliyewahi kumfundisha ameketi nyuma, wote wanangoja kwa heshima mtu aliyesoma aseme.

Binti wangu akasema kutoka kwenye jamvi, "Ni mimi, baba. Karatasi niliichora mimi. Nilikosea kuchora."

Baba mkwe akanigeukia mimi, akingoja kama nina la kuongeza. Nikasema, "Poleni sana, wazee wangu." Nikaketi.

Niliondoka asubuhi yake. Miezi ikapita, sikumwandikia wala yeye hakuniandikia. Halafu siku moja, nikiwa natoka sokoni, nikamkuta stendi ya mabasi Shinyanga, amekaa juu ya sanduku la bati, mkeka umefungwa kando. Aliponiona akainuka, akapiga goti kidogo kama mabinti wa kwetu wanavyofanya.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda wapi na mizigo yote hii?"

"Nyumbani, Songwa."

Akanieleza kwa sauti ile ile ya siku ya wakaguzi. Wazee wa Segese walikaa tena. Uchawi waliuweka kando, walisema mwalimu ameshaeleza. Lakini walisema mwanamke aliyekiri kwa kinywa chake kwamba hakuieleza damu yake sawasawa wakati wa posa hawawezi kukaa naye, kwa sababu hawajui mengine aliyoyaacha. Mume alilia, lakini hakuwapinga wazee. Ng'ombe wa mahari walikuwa wanarudi Segese, na baba yake, yule mlinzi wa mgodi, alikuwa ameshaanza kuwatafuta.

"Kwa nini ulisema ni wewe?" nikamuuliza. Sauti ilinitoka kali, kama ninamfokea, hata watu wakageuka.

Akaniangalia kwa mshangao kabisa. "Madam, ningesemaje mbele za watu kwamba wewe ndiye uliyekosea? Wewe ni mwalimu wangu."

Basi la Kahama lilikuwa hatua chache kutoka tuliposimama, mlango wazi, utingo anaita abiria wa Segese na nafasi zilikuwepo. Jua lilikuwa bado juu. Ningepanda, ningefika kabla ya giza, na yule mzee angenisikiliza, kwa sababu ni mtu wa kusikiliza. Nilimsaidia binti kupandisha sanduku kwenye gari la kwao, nikampa machungwa mawili kutoka kwenye kikapu changu, nikasimama mpaka gari likaondoka. Kisha nikarudi chuoni, maana nilikuwa na kipindi saa nane.